Geti Lisilopakwa Mafuta

Asubuhi ya kumzika shemeji yangu Musau, mjukuu wake mkubwa, kijana anayetengeneza magari Nairobi, alitoka garini na kopo la grisi. Alikuwa amelisikia geti likilia kila mwombolezaji alipoingia, akaona haya. "Nyanya, hii kelele leo haifai," akamwambia dada yangu Ndunge, akapiga magoti penye bawaba. Dada yangu ana magoti mabovu, na tangu alfajiri alikuwa hajasema neno, lakini aliinuka kitini kama msichana. "Wacha!" akasema. Nami nilikuwa nimesema "Wacha!" kutoka upande wa jikoni, wakati ule ule, sauti zetu zikagongana juu ya vichwa vya wageni. Kijana akabaki na kidole chenye grisi hewani. Dada yangu akanitazama, nikamtazama, tukaanza kucheka, vikongwe wawili katika nyumba ya matanga, hadi mchungaji akageuza shingo.

Hakuna aliyetuuliza sababu. Siku ya msiba wazee husamehewa mambo mengi. Lakini yule kijana alifunika kopo lake na kulirudisha garini akiwa ameumia kidogo, nikaona ni vizuri nimwandikie, yeye na wengine wanaoingia katika boma lile wakidhani kwamba babu yao, aliyewatengenezea watu vitanda kutoka Kiboko hadi Makindu, alishindwa na geti lake mwenyewe. Naandika polepole. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mkono wangu haukuwahi kujifunza kukimbia kwenye karatasi. Pia maneno mengi hapa yalisemwa kwa Kikamba, nami nayaweka kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

Ulikuwa mwaka uliofuata mtihani wangu wa mwisho, katikati ya miaka ya sabini. Mama na mimi tulitoka Kitui tukashuka Kiboko kutoka kwenye lori la mahindi, yeye akiwa na kyondo chake, kikapu cha katani, mgongoni na mkono wa kulia umefungwa kitambaa, kwa sababu mvuke wa sufuria ulikuwa umemchoma. Macho yake yalikuwa yakifungwa kidogo kidogo, kama dirisha ambalo mtu analipaka chokaa kutoka nje. Jambo hilo hakukubali litajwe. "Ni moshi," alisema. Kama hapakuwa na moshi, ni vumbi. Kama hapakuwa na vumbi, basi jua la upande huu ni kali kuliko la kwetu. Ndunge ndiye aliyetuita tukae kwake, kwa sababu mimi, msichana niliyeogopa hata kuuliza bei dukani, nisingeweza kumlinda Mama na moto. Mimi nilitafutiwa mahali pa kujifunza kushona kwa mama mmoja pale sokoni. Mama hakuwa na cha kujifunza. Alikuja kwa shingo upande, na sababu yake haikuwa macho.

Kwetu Ukambani mama mkwe na mume wa binti yake hawaketi chumba kimoja. Hawali wakionana, hawatajani majina, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani mpaka mwingine apite. Tunaiita nthoni. Mgeni anaweza kufikiri ni uadui, lakini ni heshima, tena nzito kiasi kwamba watu hawawezi kuibeba wakitazamana. Kanisa lilikuwa limelegeza mila nyingi wakati huo, na wengine walikwisha kuanza kunywa chai na wakwe zao sebuleni. Mama hakulegea. Na shida yake, ambayo hakuisema ila sote tuliijua, ni kwamba heshima hiyo inahitaji macho. Utampishaje mtu usiyemwona akija?

Jioni ya kwanza, tukila muthokoi na kunde jikoni, aliweka bakuli chini na kumwambia Ndunge, "Nimekuja kwa sababu umelia. Nitakaa. Lakini siku nitakayomgonga mwenye mji, siku hiyo ndiyo nitafunga mzigo nirudi kwangu. Na Mwende utamwacha hapa amalize kushona. Nitarudi peke yangu." Mwende ni mimi. Mwenye mji ni Musau, kwa maana jina lake Mama hakulitamka maisha yake yote. Ndunge alinitazama juu ya kichwa cha Mama. Sote wawili tuliiona nyumba ile ya Kitui, mafiga matatu chini sakafuni, kisima kule chini bondeni penye mawe, na mlango usio na jirani wa kusikia mtu akiita.

Boma la Musau lilikaa hivi. Mbele, kando ya barabara ya Mombasa, palikuwa na karakana yake ya mbao na bati. Nyuma yake geti, kisha uwanja, nyumba kubwa upande mmoja na jikoni upande wa pili, na chumba chetu kimeunganishwa na jikoni. Kuta za jikoni zilikuwa za mabanzi yaliyoachana, kwa hiyo asubuhi jua liliingia kwa mistari likakaa juu ya masufuria. Mpaka leo nikifumba macho nakiona chumba hicho kuliko nyumba yoyote niliyoishi baadaye. Kulikuwa na harufu ya moshi wa mgunga, maziwa yaliyomwagika na mbao mbichi, kwa maana Musau alituletea vipande vyake vilivyobaki tuwashie moto. Kwa mbali nyundo ilipiga, ikanyamaza, ikapiga tena. Humo ndimo Mama alimokaa siku nzima, akipika, akichambua ndengu kwa vidole, akisokota katani pajani, na akilalamika.

Alilalamikia ufundi wa mkwe wake. Alianza kila mara kwa maneno yale yale. "Mimi ni mkwe, sisemi kitu. Lakini fundi gani geti lake linalia hivi? Fundi wa geti au fundi wa kilio?" Ndunge alicheka na kusema kwamba Musau ameahidi kulitengeneza kesho. "Kesho ipi? Hiyo kesho yake ina ndevu." Siku nyingine zilikuwa zamu za akala, vile viatu vya tairi alivyovaa Musau, ambavyo vilipiga kelele juu ya njia ya mawe bapa aliyoitandaza kutoka getini hadi nyumba kubwa. "Mimi ni mkwe, sisemi kitu. Lakini mtu mzima anatembeaje kama punda kwenye lami?" Na kweli mtu alimsikia Musau kabla hajafika. Geti lilipolia, Mama alivuta leso kichwani. Akala zilipogonga jiwe la kwanza, alikuwa amekwisha kuingia ndani na kugeukia ukuta. Kisha akasimama pale gizani, amejistiri vizuri, akiendelea kulalamika kwa sauti ya chini.

Vyombo navyo havikupona. Musau alikuwa akileta kitu kimoja kimoja, akikiacha kwenye kizingiti cha jikoni bila kusema, nasi tukikikuta. Kwanza kifuniko cha sufuria, chenye mkono pembeni badala ya katikati. "Nani huweka mkono wa kifuniko pembeni? Alilewa?" Musau hakunywa pombe, alikuwa mtu wa kanisa, na Mama alijua. Kisha mwiko wenye pengo katika mpini. "Umeliwa na panya, akaona atuletee sisi." Kisha kigoda cha miguu mitatu, kizuri, laini, lakini chenye tundu katikati ya kiti. "Mbao mbovu. Fundo limedondoka, akaona mkwe hataona." Alisema hivyo akikibeba kigoda kile kwa kidole kimoja kilichoingia katika tundu, mkono wa pili ukiwa umeshika birika, akatoka nacho uani kuota jua. Makopo mawili ya kufanana yalikuja ya chumvi na sukari, moja likiwa na kibonge cha mti juu ya kifuniko na lingine kichwa cha msumari. "Hata vifuniko viwili hajui kuvifananisha," alisema Mama. Chumvi haikuingia tena katika chai yetu.

Mimi nilikuwa mtu wa kunyamaza. Shuleni mwalimu aliwahi kuniandikia sipo nami nimekaa mbele yake. Kwa hiyo nilikuwa nikiyaona mambo haya bila kuyaunganisha, mpaka mchana mmoja Ndunge aliponituma karakana na chakula cha Musau. Nilimkuta amekaa chini kati ya maranda, amefungwa kitambaa machoni, birika mkono mmoja na kikombe mkono wa pili. Suruali yake ilikuwa imelowa mapajani. Mara moja nilifikiri amepatwa na wazimu, nikasimama mlangoni na bakuli langu.

"Nani?" akauliza.

Sikujibu.

"Kama hajibu, ni Mwende," akasema, akacheka. "Ingia, shemeji. Weka chakula mahali nitakapokikanyaga."

Hakuvua kitambaa. Aliokota waya wa shaba alioutoa kwenye lori lililokufa kando ya barabara, amekwisha kuukunja kama ndoano, akauning'iniza kwenye ukingo wa kikombe, ncha moja ndani na nyingine nje. Akaweka kidole juu ya ile ncha ya nje, akamimina chai polepole. Kisha akaacha kumimina. Nikatazama. Kikombe kilikuwa kimejaa vizuri, bila hata tone nje. "Chai ikigusa waya huko ndani, waya unapata moto huku kwenye kidole," akasema. "Mama yenu anatia kidole ndani ya kikombe ajue kimejaa. Nimeona kidole chake siku moja alipoanika nguo, kimebabuka." Akavua kitambaa, akapepesa macho. "Mpelekee. Mwambie ni ya kutundikia kikombe ukutani."

Nilikusanya nguvu zangu zote. "Kwa nini usimwambie ni ya nini?"

Musau hakuwa mtu wa kukaa kimya, alikuwa mtu wa mizaha, wateja walikuja kwake kwa mizaha nusu na vitanda nusu. Lakini pale alifikiri. "Nikimwambia," akasema, "kesho atakuwa kipofu. Leo ni mama mkwe mwenye fundi mbaya. Heri anilaumu mimi kuliko ayalaumu macho yake."

"Na geti?"

Akainua mguu akanionyesha chini ya akala yake. Kizibo cha chupa ya soda kilikuwa kimepigiliwa pale kisiginoni, meno yake yameelekea chini, kimelika upande mmoja kwa kutembea. "Geti liko kazini," akasema. "Hata hiki kiko kazini. Usiseme. Hata kwa dada yako. Ndunge hajui kuficha, akijua atamhurumia mama yake mbele yake, na mama yako ataondoka siku hiyo hiyo."

Nilirudi na waya mfukoni, na siri, na nadhani nilitembea tofauti tangu siku hiyo. Nilianza kuviangalia vitu. Kifuniko kile chenye mkono pembeni, ukikiinua kwa mkono huo, upande wa mbali ndio unaofunguka kwanza, na mvuke unatoka kule, mbali na mkono wako. Mwiko ule, pengo lake linakaa juu ya ukingo wa sufuria, hauanguki ndani, na mpini unabaki pale pale ulipouacha. Hata jikoni niliona misumari mitatu mipya ukutani, kila mmoja kwenye urefu wa bega la Mama, hakuna wa juu yake wala wa chini. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nikashona nguo mjini Wote mpaka nikazeeka, na sijui fundi aliyenifundisha zaidi ya kile kibonge cha mti juu ya kopo la sukari. Nguo za wazee nilizitia fundo dogo la uzi shingoni kwa ndani, upande wa mbele, ili mtu ajue kuvaa hata gizani. Wengi hawakuliona. Mmoja alirudi akasema, "Mama Fundi, umesahau kukata uzi."

Wateja wa Musau nao walimtania. "Fundi, sisi unatuuzia vitanda visivyolia, kwako mpaka geti linaomba msaada!" Yeye alijibu kwamba geti hilo linaimba sauti ya pili, linasubiri kwaya. Lakini aliyetufikisha pabaya hakuwa mteja, alikuwa Mama Syombua, jirani yetu, mwanamke mwema mwenye ulimi mrefu. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimekwisha, na kikundi cha akina mama wa kanisa kilikuwa kije kuomba kwa Ndunge Alhamisi. Mama Syombua alipita na kuni mgongoni, akasukuma geti, likalia.

"Ndunge," akasema, "Alhamisi hiyo tutaimba sisi au ataimba mbuzi wenu wa Krismasi?"

Ndunge alicheka naye, lakini alipoondoka hakucheka tena. Alifagia uwanja mara mbili. Alhamisi adhuhuri, Musau akiwa amekwenda kupeleka kabati mahali, alichukua mafuta ya kupikia, akayayeyusha katika kijiko, akayamimina kwenye bawaba zote mbili. Nami nilikuwa sokoni nimefuata sukari. Niliporudi nilikuta akina mama wamekwisha kuketi kwenye mikeka uani, leso zimepangika vizuri, na mara ya kwanza mwaka huo nilipita kwenye geti bila kusikia kitu. Moyo wangu ulishtuka kabla akili haijajua kwa nini.

Mama alikuwa akioga nyuma ya jikoni. Alitaka kuwa safi kwa maombi, lakini alitaka pia kuomba akiwa ndani, kwa sababu ya mwenye mji. Ilikuwa kawaida yake kumwaga maji ya kuogea kando ya njia ya mawe, penye mche wa mpapai. Alitoka na karai, kichwa wazi, mabega wazi, leso imefungwa kifuani. Akasikiliza kama alivyosikiliza siku zote. Hakusikia geti. Hakusikia akala. Musau alikuwa ameingia, kwa ajili ya wageni amevaa viatu vyake vya kanisa vya raba, anatembea juu ya mawe yake kama paka. Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka. Mama alirusha maji.

Yalimpata kuanzia kifuani. Povu la sabuni lilining'inia kwenye kola yake.

"Nani hapo?" Mama akauliza, kwa sababu alikuwa amesikia maji yakigonga kitu ambacho si mpapai.

Hakuna aliyejibu. Akauliza tena, "Nani?" na nikaona uso wake ukibadilika, kwa maana katika boma zima kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuweza kumjibu. Karai likaanguka. Alijifunika mabega kwa mikono, akageuka, akagonga nguzo ya jikoni, akaipapasa, akaingia. Musau alikuwa amekwisha kugeuka nyuma. Alitoka getini akiwa ameinamisha kichwa, na geti likafungwa nyuma yake kimya kabisa, na kimya hicho ndicho kilichomfanya Ndunge aanze kulia, ingawa alikuwa hajajua bado alichofanya.

Maombi yalikuwa mafupi. Mama Syombua aliosha vyombo vyote bila kusema neno, jambo ambalo sikuliona tena mpaka alipokufa. Mama hakula. Alikusanya vitu vyake ndani ya kyondo, akavitoa, akavikunja upya, akavirudisha. "Kesho gari la kwanza," akasema. Ndunge alipiga magoti akamsihi, akamwambia ni yeye aliyepaka mafuta, ni kosa lake, geti litarudi lilivyokuwa. Mama alimpapasa kichwani kwa upole. "Si geti, mwanangu. Mkwe ambaye hawezi kumpisha mkwe wake hana mahali katika mji huu."

Kulipopambazuka alikuwa ameketi juu ya kigoda chake mlangoni mwa jikoni, amejifunga leso safi, kyondo miguuni. Ndunge alikuwa ameenda kumwomba mwenye basi amwekee kiti cha mbele. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza, na kunyamaza ndicho kitu pekee nilichokijua vizuri. Lakini niliona mikono yake imelala mapajani, na ghafla nikaelewa kwamba sihitaji kusema mengi. Niliingia ndani, nikatoka na mwiko, nikauweka katika mikono hiyo.

"Gusa hapa, Mama."

"Ni mwiko. Uliliwa na panya."

"Panya hawakati pembe nne."

Kidole chake kilirudi kwenye pengo, kikazunguka. Nikampa kifuniko. "Ukikiinua hivi, mvuke unaenda wapi?"

"Unaenda kule." Kisha akagusa kovu la mkono wake wa kulia, bila kuambiwa. Nikampa makopo mawili, kibonge na msumari. Nikampa waya wa kikombe. Nikauongoza mkono wake chini ya kigoda alichokalia, kwenye lile tundu, na akahisi kwamba kingo zake zilikuwa zimepigwa msasa mpaka zikawa laini kama ndani ya sikio. Hakuna fundo la mti linalodondoka likaacha tundu la namna hiyo. Halafu nilikwenda mlangoni pa nyumba kubwa, pale Musau alipokuwa ameziacha akala zake jana, nikaleta moja.

"Hiki nini?"

"Akala."

"Ya nani?"

Sikujibu.

"Aiya, Mwende! Unaniwekea kiatu cha mkwe wangu mikononi!" Alitaka kukitupa.

"Gusa chini, Mama. Mara moja tu."

Alikigeuza. Kidole chake kilipata kile kizibo cha soda, kikapita juu ya meno yake moja baada ya jingine, na upande uliolika kikapita polepole zaidi. Kule barabarani basi lilipiga honi. Hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo anajua," akasema mwishowe.

"Anajua nini?"

"Kwamba si moshi." Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Na geti?"

"Na geti. Hata mawe ya njiani."

"Nami nimemsema mwaka mzima. Ukuta huu wenyewe una mapengo, alisikia yote."

"Alisema heri umlaumu yeye kuliko uyalaumu macho yako."

Alikaa na akala ile mapajani, akaifunika kwa upindo wa leso, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Ndunge akaingia mbio. "Mama, basi linasubiri!"

"Liambie liende," Mama akasema. "Mwende, nijazie majivu kwenye kopo."

Alitembea mwenyewe, akifuata mawe bapa kwa nyayo, jiwe kwa jiwe, mpaka getini. Akazipapasa bawaba, ya juu na ya chini, akajaza majivu ndani yake kwa kidole, akasukuma geti, akalivuta. Kimya. Akaongeza majivu na mchanga kidogo. Akasukuma, akavuta, mwanamke mzee aliyejitanda leso safi ya safari, mikono imechafuka mpaka viwikoni. Ndunge alisimama mdomo wazi, kisha nikaona uso wake ukielewa. Geti likakwaruza. Likakoroma. Halafu likalia, kile kilio chake kirefu cha zamani, na kule karakana nyundo iliyokuwa ikipiga ikanyamaza. Mama alisimama akisikiliza kimya hicho. Kisha nyundo ikaanza tena, na yeye akarudi jikoni kuweka chai.

Alikaa pale miaka yake yote iliyobaki. Wiki ile ile aliniomba nimkusanyie vizibo vya soda kwenye vibanda vya barabarani, akavitoboa, akavifunga kwa katani aliyoisokota mwenyewe kwenye fimbo yake. Tangu hapo naye alisikika akija. Asubuhi fimbo ilipochakarika uani, Musau alisubiri nyuma ya mlango wake mpaka ipite. Jioni geti lilipolia, Mama alivuta leso. Hawakula meza moja hata siku moja, wala hawakuzungumza. Lakini nimeishi katika nyumba za watu waliokuwa wakizungumza mchana kutwa, na sikuona waliosikilizana hivyo. Kulalamika hakuacha. "Mimi ni mkwe, sisemi kitu," alisema, na sasa alisema kwa sauti kubwa kidogo, akiwa ameelekea penye mapengo ya ukuta, "lakini kifuniko hiki kipya, huyu mtu alikuwa anawaza nini?" Na huko nje tulimsikia mtu akikohoa ili asicheke.

Mchana ule wa maziko, gari lilipomleta Musau kutoka hospitalini, vijana walishusha jeneza wakaja nalo mabegani. Yule mjukuu wake ndiye aliyetangulia kufungua. Geti lilisukumwa, likalia, sauti ile ile. Watu wote walisogea mbele wamtazame. Mimi nilikuta miguu yangu imerudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa jikoni, mkono umevuta leso kichwani, uso nimeugeuza. Nilisimama pale badala ya Mama, nikihesabu mawe kwa masikio, mpaka mwenye mji akapita.